Mpiga Kura Aliyejificha kwa Muuza Matumbo

Tulipomzika Hepzibah Thackrah, kasisi alisema marehemu alikuwa mwanamke mpole, mwenye moyo wa kusamehe. Kasisi mwenyewe ni kijana, kaja juzi tu, na hatumlaumu kwa asilolijua. Lakini mimi na Nance Bairstow tulikuwa tumesimama nyuma, na Nance alinifinya mkono hadi ukavimba, maana tulijua tukitazamana tutaangua kicheko mbele ya jeneza. Hepzibah alikuwa na mengi mazuri. Alikuwa msafi, hapunji mtu, na Skelbeck nzima hakuna aliyechemsha matumbo yakalainika kama yake. Ila kusamehe hakukuwamo. Nasema hivi kwa kumsifu, si kwa kumteta maiti, na kwa kuwa kasisi hakuniuliza, nitakuambieni ninyi.

Alizaliwa hapa hapa, binti wa mfumaji, akaolewa na Amos Thackrah, fundi wa viatu vya mbao. Amos alikuwa mrefu, mkimya, ana kikohozi ambacho hakikumwacha tangu utotoni. Walipanga duka dogo lenye vyumba viwili juu yake, Mtaa wa Daraja, mali ya Bwana Cawthorne mwenye kiwanda, kama ilivyo nusu ya mji huu. Kodi ya duka lile ilikuwa imezidi kidogo ya nyumba zetu, na kwa sheria za siku zile mwanamume anayepanga nyumba ya kodi hiyo alikuwa na kura. Sisi wa mabondeni hatukuwa nayo, wala waume zetu. Kwa hiyo kura haikuwa ya mtu, ilikuwa ya nyumba. Anayelala ndani ndiye anayeisema.

Na nikisema kuisema, ndivyo ilivyokuwa. Siku hizi mtu anaingia kibandani, anatia alama kwenye karatasi, anatoka na uso mkavu, hata mkewe hajui kamchagua nani. Enzi zile walijenga jukwaa la mbao katikati ya soko. Unapanda ngazi, karani anakuuliza jina, na wewe unatamka kwa sauti unamtaka nani, wa Buluu au wa Njano. Bwana mwenye nyumba yako kasimama upande huu anakutazama. Majirani zako wamesimama upande ule, mikononi wana mayai viza. Lazima umuudhi mmoja. Wengi waliona afadhali yai.

Amos hakuona hivyo. Uchaguzi wa mwaka hamsini na mbili alipanda ngazi zile, kofia mkononi, Bwana Cawthorne yuko pale na utepe wake wa buluu kifuani, na Amos akasema, polepole kama kawaida yake, kwamba kura yake ni ya Njano. Watu walipiga kelele hadi njiwa wa kanisa wakaruka. Sisi tusio na kura tulimbeba mabegani, tukamrudisha nyumbani kama bwana harusi. Hepzibah alisimama mlangoni akicheka na kulia. Buluu walishinda kwa mbali hata hivyo, na kura ya Amos haikuwapunguzia kitu. Ingekuwa haikusemwa, mambo yangekuwa yale yale.

Wiki haikwisha. Enoch Garside alikuja na mkokoteni na wanaume wawili, mvua inanyesha. Garside alikuwa mnyapara wa kiwanda na mkusanya kodi wa Bwana Cawthorne, na kila Jumapili alikaa benchi moja na Amos kanisani, wakishika kitabu kimoja cha nyimbo. Walitoa kitanda, wakatoa meza, wakamwaga vifaa vya Amos matopeni, visu na vibao vyote. Amos aliinama kuviokota. Garside alisimama chini ya paa asilowe. "Mimi nimetumwa tu, Amos," alisema. "Usinitazame hivyo. Nimetumwa."

Labda ni kweli alitumwa kuwatoa. Lakini hakutumwa kuingia. Kabla nyayo za Hepzibah hazijakauka kwenye ngazi, Garside alikuwa amehamia mwenyewe pale dukani na mkewe Selina na watoto. Alikuwa ameiombea nyumba ile tangu jioni ya uchaguzi. Karani wa kiwanda alilisema hilo baadaye kilabuni. Amos na mkewe wakaenda kukaa kwenye chumba cha chini ya ardhi karibu na mto, ukutani maji yanatiririka. Kikohozi kikafanya kazi yake. Kabla ya Pasaka tulimzika.

Hepzibah hakulia mbele za watu. Alikwenda kwa shangazi yake aliyekuwa na chumba cha kuchemshia matumbo kwenye kichochoro nyuma ya soko, akajifunga aproni, akajifunza kazi. Ni kazi chafu. Kukwangua, kusuuza, kuloweka kwenye chokaa, kuchemsha, tena kusuuza. Mikono yake ikawa myekundu hadi kwenye viwiko, haikurudi tena rangi yake. Shangazi alipokufa, biashara ikawa yake. Kila Jumamosi watu walipanga mstari kwa matumbo yenye siki na pilipili manga, na makongoro kwa waliotaka mchuzi. Selina Garside naye alipanga mstari, maana mumewe alikuwa mlafi wa matumbo, na Hepzibah alimhudumia kama wengine, tena akimtilia kipande kinono. Nance alikuwa anakereka hadi anashindwa kusimama.

"Ungemwekea japo sabuni," alimwambia siku moja. "Unangoja nini, Hepzi? Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Matumbo ndiyo kazi yangu," Hepzibah akajibu, akaendelea kukwangua.

Miaka mitano ikapita hivyo, hadi bunge likavunjwa, na uchaguzi ukarudi.

Asiyeuona uchaguzi wa zamani hawezi kuelewa asubuhi ile. Wenye maduka walikuwa wamepigilia mbao madirishani. Vilabu vya Buluu vilimwaga bia kwa kila aliyefunga utepe wa buluu, na vilabu vya Njano vivyo hivyo, na walikuwapo wanaume waliokuwa na tepe za rangi zote mbili, mmoja mfukoni mmoja kifuani, wakibadilisha kwenye kona. Njano walikuwa wamewaleta wachimba mawe kutoka milimani, mijitu yenye fimbo, wasiomjua mtu hapa mjini ila wanajua rangi ya utepe. Buluu nao walikuwa na mabondia wao. Saa nne asubuhi tayari mtu mmoja alikuwa amebebwa na meno yake yako mkononi. Bendi mbili zilikuwa zinapiga nyimbo mbili kwenye uwanja mmoja. Mgombea wa Buluu alijaribu kuhutubia, akapigwa na paka mfu usoni. Alijifuta na leso, akaendelea, na hapo hata mimi nilimheshimu kidogo.

Sisi wanawake tulikuwa na shughuli yetu. Hepzibah alikuwa ametuwekea ndoo za maji ya kusuuzia matumbo, ya siku tatu, yamefunikwa. Anayeijua harufu ile hahitaji kuelezwa. Mpango ulikuwa mdogo tu: watu wa Cawthorne wakipita kwenda jukwaani, na Garside akiwa mbele yao kama kawaida yake, tummwagie kichwani kutoka dirisha la juu. Apande ngazi akinuka, aseme kura yake akinuka, Bwana Cawthorne amsogelee ampe mkono. Hayo ndiyo tuliyoyataka. Hata Hepzibah, nadhani, hakuwa na zaidi.

Saa nane hivi mchana walikuja, kwa mstari, ngoma mbele, kila mmoja na utepe wa buluu kofiani. Wapangaji wote wa Cawthorne wenye kura. Cawthorne aliwachelewesha makusudi ili waje pamoja, asipotee hata mmoja. Garside alikuwa kando ya mstari, anawahesabu kama mbuzi. Tulikuwa tumeshika ndoo, tunangoja wakate kona, na hapo wachimba mawe wakatokea upande wa kanisa.

Sijui nani alianza. Nilichokiona ni ngoma ikitobolewa na kuvishwa kichwani kwa mpigaji. Mstari ukapasuka. Waliokuwa hodari walishikana mikono wakasonga mbele kuelekea sokoni na kutembeza viwiko. Wengi walifika wakapiga kura zao, nasikia, damu zikiwatoka puani. Garside hakuwa katika hao. Garside alikimbia. Yai lilimpata sikioni, unga ukamwagika juu ya yai, koti likabaki mikononi mwa mtu, naye akajitosa kwenye kichochoro chetu akagonga mlango wa kwanza aliouona, hata bila kutazama ni wa nani.

Hepzibah akashuka, akafungua. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Mama Thackrah," Garside akasema alipomtambua, akatweta. "Mama Thackrah, nisitiri. Wataniua."

Mdomoni mwa kichochoro wachimba mawe watatu walikuwa wanatazama huku na huku. "Kapita wapi yule bwege wa Buluu?" mmoja akaita.

Ilikuwa ni kunyoosha kidole tu. Nilimtazama Hepzibah nikingoja kidole kinyooshwe, na Mungu anisamehe, nilikuwa nakitaka. Badala yake alimshika Garside kwenye ukosi, akamvutia ndani kama gunia, akatoa kichwa nje. "Kaingia kanisani," akawaambia. "Kimbieni, atatokea mlango wa nyuma." Wakakimbia.

Nilimvuta Hepzibah hadi kwenye ngazi. "Shoga, umerukwa na akili? Ulikuwa naye mkononi."

"Punguza sauti."

"Ulikuwa naye mkononi, Hepzi."

"Bado ninaye." Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. "Wakimpata wale, watampiga. Atalala kitandani wiki moja, ataamka shujaa. Cawthorne atampelekea kuku wa mchuzi. Mimi sitaki apigwe, Tabitha. Nataka achelewe."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Kura zilifungwa saa kumi jioni, kengele ya kanisa ikigonga tu, hata kama mguu wako uko kwenye ngazi. Bwana Cawthorne alijua idadi ya kura zake kama ajuavyo vidole vyake. Asiyesema Buluu siku ile, hata kama hakusema Njano, alikuwa kamuasi.

"Mwite Nance," Hepzibah akasema. "Na wengine mtakaowapata. Waje na masufuria."

Nikaenda kuwaita. Garside akakalishwa kwenye kigoda kati ya pipa la chokaa na sufuria kubwa, mvuke ukimfunika. Hepzibah alimpa kitambaa cha kujifutia unga, akamwekea bakuli la matumbo na siki juu yake. Mwanzoni hakuhitaji msaada wetu, kwa sababu fujo ilikuwa fujo kweli: vioo vikivunjika, wanaume wakinguruma, mbwa wakilia. Kila kishindo kilipompasua sikio, Garside alijikunyata na bakuli lake. Lakini baada ya nusu saa umati ulichoka na soko, ukahamia ng'ambo ya pili kwenda kuivunja hoteli ya Buluu. Meya akasoma ile amri ya kutawanyika, askari wa akiba wakapita na marungu yao, na ghafla mtaa wetu ukawa kimya. Kulikuwa na paka yule mfu katikati ya barabara na kofia moja, basi. Mtoto angeweza kutembea hadi jukwaani akila biskuti.

Huo ukimya ndio uliokuwa hatari. Ndani, Garside alishainua kichwa.

Tulikuwa wanawake sita. Nance alianza, ana sauti ya fahali, mumewe anasema ndiyo iliyomfanya amwoe. "Mtoeni Garside," akanguruma. "Tumtie mtoni." Sisi tukajibu kwa sauti za kiume, kila mmoja kwa watu kumi, tukagonga masufuria, tukaburuza minyororo ya ndoo juu ya mawe, tukarusha mifupa ya makongoro kwenye mbao za dirisha. Tulikwenda hadi mwisho wa kichochoro tukarudi mbio tukipiga viatu vyetu vya mbao chini, ili isikike kama kundi linawasili. Wapita njia walisimama kutucheka. Mzee mmoja mwenye utepe wa buluu alituuliza tuna harusi ya nani. Nance akamwambia ya dada yake.

Niliingia mara mbili tatu kuchukua mwiko mwingine, ule wa kwanza ulivunjika, na ndivyo nilivyosikia waliyoyazungumza.

"Ni wengi?" Garside alikuwa anauliza.

"Kichochoro kimejaa," Hepzibah akajibu, mgongo kamgeuzia, anakoroga.

"Saa ngapi sasa?"

"Tisa imegonga muda si mrefu. Kula, matumbo yakipoa yanakuwa mpira."

Akala. Nakuapieni, mwanamume yule alikula, na akaomba pilipili. Baadaye kidogo, tumbo limejaa, ulimi ukamlegea. "Sikutegemea wewe, Mama Thackrah. Baada ya yale."

"Yapi?"

"Ya Amos." Alisema jina lile mbele yake, mdomo una siki. "Ujue mimi sikuwa na chuki naye. Nilitumwa. Na mjumbe hauawi."

"Hauawi," Hepzibah akakubali. "Nani kakwambia tutakuua?"

"Alikuwa mkaidi, marehemu. Nilimwambia mapema, mtu mwenye busara anapiga kura na paa lililo juu ya kichwa chake. Hakusikia. Mimi ningefanyaje? Nyumba isingekaa tupu."

Hepzibah aliacha kukoroga. Mwiko ulikuwa umesimama katikati ya sufuria, na mimi nilikuwa mlangoni, na nilidhani sasa atammwagia maji yale ya moto usoni. Ninawaambia, kama angefanya hivyo ningesema mahakamani aliteleza. Lakini akaendelea kukoroga. "Ni kweli," akasema. "Nyumba haikai tupu." Akanitazama, na jicho lake likaniambia nirudi nje nikapige sufuria kwa nguvu zaidi.

Nilipotoka nilimkuta karani wa kiwanda kasimama mdomoni mwa kichochoro, kijasho kinamtoka, anaita. "Garside! Garside, uko wapi? Njia nyeupe, wamekwenda wote. Bwana anakuuliza." Alikuwa karibu na dirisha kiasi kwamba bila sisi angesikika hadi ndani. Nance akamwendea na sufuria lake la kupikia uji, akaligonga sikioni pake.

"Unasemaje, baba?"

"Garside. Mmemwona Garside?"

"Nani?"

"Garside, wa kiwanda!"

"Sisikii, baba, kelele!" Akagonga tena. Wengine tukamzunguka tukigonga na kuruka, na maskini yule akafikiri tumelewa wote, akaziba masikio akaenda kumtafuta kwingine.

Kengele ya kanisa ilipoanza kugonga saa kumi, tulinyamaza, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiana. Mkono ulikuwa unaniuma hadi begani. Kutoka sokoni tulisikia karani mkuu akitangaza kwamba kura zimefungwa, na watu wakashangilia, wengine wakazomea. Ndani napo lazima ilisikika.

"Sasa unaweza kwenda," tulimsikia Hepzibah.

"Wameondoka?"

"Wameondoka zamani."

Mlango ule haukuwa na ufunguo wala komeo, ulikuwa na kamba ya kuvutia tu, kama mlango wa banda la kuku. Garside aliuvuta kwa kidole, ukafunguka. Akatokeza kichwa akatuona: wanawake sita, masufuria mikononi, nyuma yetu mtaa mtupu hadi sokoni.  Akatazama masufuria. Nance akapiga goti kidogo, kwa adabu, kama anavyosalimiwa bwana mkubwa.

Akamgeukia Hepzibah. "Umenifungia."

"Nimekufungia na nini?" Hepzibah akamwuliza.

Nitasema ukweli, nilicheka hadi nikakaa chini. Tulicheka wote ila Hepzibah. Yeye alirudi ndani kuosha bakuli.

Buluu walishinda, tena kwa kura nyingi kuliko mara ya kwanza. Jioni walimbeba mbunge wao kwenye kiti chenye maua, na watu wale wale waliomrushia paka wakakipasua kile kiti kugombea vipande. Kura ya Garside haikuhitajika hata chembe. Lakini Bwana Cawthorne hakuwa mtu wa kuangalia inahitajika au haihitajiki. Wapangaji wake wote walisema, wengine na mbavu zimevunjika, na mnyapara wake hakuonekana. Mjini zilishaanza kuvuma habari kwamba Garside kahongwa na Njano. Sisi hatukuzivumisha. Hatukuzizuia pia.

Jumatatu Garside alikuja kwa Hepzibah, kwenye chumba cha matumbo, kofia mkononi. Nilikuwapo, nakatakata vitunguu.

"Bwana anataka kuniachisha kazi," akasema. "Na nyumba. Nimemwambia nilitekwa, haamini. Anasema mwanamume mzima hatekwi na muuza matumbo. Njoo umwambie, Mama Thackrah. Umwambie uliufunga mlango. Hawatakufanya kitu, pengine faini, na faini nitalipa mimi. Nina watoto wanne."

Hepzibah alijifuta mikono taratibu. "Unataka nije nikaseme mbele ya Bwana Cawthorne ilivyokuwa?"

"Ndiyo. Tafadhali."

"Nitakuja."

Garside alimshika mkono akaubusu, mkono ule mwekundu. Alipotoka nilimwambia Hepzibah moja tu, kwa sababu lilikuwa linanikera tangu Jumamosi, nilipomwona Selina kwenye mstari na mtoto mgongoni. Nilimwambia Selina na watoto hawajamkosea mtu.

"Na mimi nilikuwa nimemkosea nani?" akasema. Nikarudi kwenye vitunguu vyangu.

Tukaenda. Ofisi ya Bwana Cawthorne ilikuwa na zulia jekundu, na viatu vyetu vya mbao havikutoa sauti, jambo lililonifanya nijione kama mwizi. Bwana alikuwa mezani anakula keki ya mbegu, mnene, amechoka, si mkali hata kidogo. Garside alikuwa kasimama pembeni, kanyoa vizuri, kavaa suti ya kanisani. Alimtabasamia Hepzibah.

"Huyu anasema ulimfungia ndani hadi saa kumi," Bwana Cawthorne akasema. "Ni kweli?"

"Hapana, bwana."

Tabasamu la Garside lilibaki pale pale, halikujua pa kwenda.

"Hukumfungia?"

"Mlango wangu hauna komeo, bwana. Tuma mtu akautazame. Alikuja mwenyewe, nikamsitiri wasimpige, nikampa chakula. Mtaa ulikuwa mtupu tangu saa tisa. Karani wako alikuja hadi dirishani kumwita. Angetaka kutoka, angetoka."

"Palikuwa na umati," Garside akasema. "Hepzibah, kwa ajili ya Mungu. Waambie palikuwa na umati."

"Palikuwa na wanawake sita na masufuria," Hepzibah akasema. "Sijui kama huo ni umati kwake."

Bwana Cawthorne alicheka hadi makombo yakamruka. Kisha akaacha kucheka, akamwambia Garside atoke nyumbani kabla ya Ijumaa, na akamwambia kwa sauti ile ile anayoagizia keki nyingine.  Garside alikuwa anamtazama Hepzibah, naye Hepzibah alimtazama hadi mwisho, hakukwepesha jicho. Jicho lile la Garside ndilo alilokuja kulichukua, na alilichukua lote.

Tulikuwa tunageuka kuondoka Bwana aliposema, "Subiri, mama. Umeniambia kweli, na si wengi wanaoniambia kweli. Jina lako nani?"

Hepzibah alinyooka. Nadhani hili nalo alikuwa amelingoja, bila kuniambia. "Thackrah," akasema. "Mjane wa Amos Thackrah. Wa Mtaa wa Daraja."

Bwana Cawthorne alikunja uso, akifikiri kwa dhati. Akamtazama karani wake, karani akainua mabega. "Thackrah," akarudia, kama mtu anayeonja jina la kijiji asichowahi kufika. "Simkumbuki. Alikuwa wangu?" Hakungoja jibu. Akatutakia siku njema, akavuta keki karibu.

Kutoka pale hadi darajani Hepzibah alitembea mbio mbio. Nilidhani anafurahi, baadaye nikadhani anaumwa, maana rangi ilikuwa imemtoka. Upande wa pili wa mto Garside alikuwa anatembea peke yake na suti yake ya kanisani, na Hepzibah hakumtazama kabisa, kama vile Garside alishakwisha na hana tena kazi naye. Alisimama, akashika ukuta wa daraja kwa mikono yote miwili, akageuka kutazama nyuma kule kwenye bomba la moshi la kiwanda.

"Tabitha," akasema, "huyu Cawthorne naye huwa anapigia kura wapi?"

Nikamwambia sokoni, jukwaa lile lile, kama wengine wote.